Dakika Kumi na Mbili Ni Nyingi

Hii ni hotuba niliyoitoa Mwanza mbele ya viongozi, walimu na wapigaji wa bendi za tarumbeta za vijana, waliokutana kupanga maonyesho yao ya pamoja. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, na pale nilipozitegemea nimeongeza maneno mawili matatu.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazee mliotutangulia katika kazi hii, kina mama mlioketi kule nyuma, na nyinyi vijana ambao naona midomo inawawasha kupuliza: mwangaluka!

Nimeitwa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni hili: onyesho lisilo na mashindano, lisilo na jaji wala kikombe, linapaswa kuchukua muda gani, na linamfurahishaje mtu aliyeketi kulitazama? Nimesikia kwamba jana suala hili liliwachelewesha kula. Bendi moja iliomba nusu saa, ya pili ikasema kama wale wamepewa nusu saa na sisi tupewe nusu saa, na hesabu ilipopigwa ikaonekana kwamba bendi ya mwisho ingeingia uwanjani saa nne usiku, wakati taa za uwanja ule, kama mjuavyo, hazina uhakika. Hapo ndipo mwenyekiti alipokumbuka kwamba mimi nimeishi miaka kadhaa Indianapolis, mji ambao kila mwezi wa Agosti hujaa vijana wenye tarumbeta na ngoma, akasema niitwe niwaeleze wenzetu wanafanyaje.

Basi niwaeleze kwanza wenzetu hao ni akina nani. Marekani kuna vikosi vya ngoma na tarumbeta vya vijana, na mchezo wao unasimamiwa na chombo kiitwacho Drum Corps International, kilichoanzishwa mwaka 1971. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa yalifanyika mwaka uliofuata katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin, na kwa miaka mingi sasa fainali zake huchezwa katika uwanja wa Lucas Oil, palepale Indianapolis. Kikosi hakina zumari wala saksafoni. Kina vyombo vya shaba, ngoma, na kundi la bendera. Hapo zamani kikosi hakikuruhusiwa kuzidi watu 128, kisha ukomo ukapandishwa hadi 135, ukafika 150, na baadaye ukapanda tena. Kijana akishatimiza miaka 22 kabla ya msimu wa kiangazi, muda wake umekwisha, hata awe hodari namna gani. Hawa ni vijana wanaoacha mapumziko yao ya kiangazi, wakalala chini kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule, wakasafiri usiku kwa mabasi na kufanya mazoezi juani kutwa nzima. Na yote hayo, ndugu zangu, ni kwa ajili ya onyesho la muda gani?

Nauliza tena: ni kwa ajili ya onyesho la muda gani?

Dakika zisizozidi kumi na mbili.

Naona mzee wangu pale anatikisa kichwa. Nilitikisa na mimi niliposikia mara ya kwanza, kwa sababu nimekulia katika tarumbeta za harusi, ambako bendi hupanda nyuma ya pikapu saa nane mchana na kushuka maharusi wakiwa wamechoka kucheka. Lakini saa ya wenzetu ina historia. Katika miaka ya mwanzo onyesho lilikaribia dakika 13. Kikosi kilianzia kwenye mstari wa upande mmoja wa uwanja, bastola isiyo na risasi ya kweli ikapigwa kuonyesha kwamba muda umeanza kuhesabiwa, na hatimaye ikapigwa tena kuonyesha kwamba muda umetimia. Ndani ya muda huo palikuwa na sehemu ya kutoa heshima kwa bendera, na palikuwa na wimbo mmoja uliopigwa watu wakiwa wamesimama pale pale, ili vifua vipumue na masikio yasikie. Baadaye ukomo ulishushwa hadi dakika 11 na nusu, na kanuni za miaka ya karibuni zinataka onyesho lisipungue dakika 8 wala lisizidi 12.

Kwa nini wameibana hivyo? Sababu ya kwanza ni miguu. Katika sehemu za kasi mapigo huzidi 180 kwa dakika, na kijana anayebeba tuba begani, chombo chenye uzito unaozidi kilo 12, anatakiwa akimbie kinyumenyume huku mdomo wake hautetereki. Sababu ya pili ni ratiba, kwa kuwa fainali huwa na vikosi 12, na kila kimoja kinahitaji muda wa kuingia, kupanga vyombo vyake na kutoka. Lakini ipo sababu ya tatu ambayo hamtaisoma katika kanuni yoyote, nayo ndiyo iliyonipandisha hapa: saa ile humlinda mtazamaji. Mwalimu wa kikosi hupenda kila kitu alichotunga. Mpigaji hupenda kila noti aliyoitolea jasho. Ni nani atakayekata? Katika mashindano hukata kanuni. Mwalimu akija na muziki wa dakika 15, atarudi kwake akanung'unike, akate dakika tatu, na mara nyingi zile tatu alizozikata ndizo zilizokuwa dhaifu.

Sasa ondoeni mashindano. Ondoeni majaji, ondoeni alama, ondoeni kanuni. Ni nani anayemlinda mtazamaji?

Ngojeni niwasimulie usiku mmoja. Ulikuwa mji mdogo wa Indiana, katika uwanja wa mpira wa shule, pale ambapo jioni ya kiangazi mahindi huanza mara tu baada ya uzio. Vilipangwa vikosi vitano vya kushindana, na katikati yao likawekwa onyesho la kikosi cha wazee, watu waliocheza ujanani mwao na sasa wamekusanyika tena kwa mapenzi yao. Vikosi vya namna hii ni vingi kule, na havipigi kwa ajili ya alama. Sitavitaja vikosi vya usiku ule kwa majina. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, na pembeni yangu palikuwa na mtoto wa miaka kama saba, ameshika mfuko wa bisi uliomzidi kimo.

Wazee waliingia, na nawaambia kweli, wimbo wa kwanza ulinipandisha nywele. Palikuwa na mpiga ngoma mmoja mwenye mvi, goti la kulia amelifunga bandeji ya kuvuta, na vijiti vyake vilikuwa vikitua juu ya ngozi kana kwamba havina uzito. Watu walisimama. Yule mtoto alisahau bisi. Wimbo wa pili, watu walikuwa bado wamesimama. Wa tatu, wakaketi, lakini wakiwa wanatabasamu. Kisha kiongozi akachukua kipaza sauti akashukuru, akataja majina ya waliotangulia mbele ya haki, jambo ambalo lilikuwa la heshima na hakuna aliyelikataa. Kisha wimbo wa nne, uliofanana na wa pili. Kisha wa tano. Kisha akachukua kipaza sauti tena.

Mnajua nilitambuaje kwamba onyesho limekufa? Hakuna aliyezomea. Watu wa kule ni waungwana, na wale walikuwa baba zao na babu zao. Nilitambua kwa sababu mtoto aliurudia mfuko wake akaanza kuhesabu bisi moja moja, akizipanga juu ya goti. Niliposimama kutazama nyuma, foleni ya kununua vinywaji ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi. Nikaitazama saa yangu: dakika 31. Walipomaliza, watu walipiga makofi ya adabu, na nahisi baadhi walikuwa wanayapigia mwisho wenyewe.

Usiku uleule, baada ya matokeo kutangazwa, kikosi kilichoshinda kilirudi uwanjani kuwapigia watu kwa furaha tu. Kule huo ni utaratibu wa kawaida kwenye mashindano mengi. Hawakuzunguka uwanja wala hawakurudia gwaride lao. Walisimama nusu duara mbele ya jukwaa, karibu sana, jasho bado linawachuruzika, wakapiga wimbo mmoja taratibu ambao sote tuliuhisi kifuani. Sijui kama zilifika dakika nne. Watu waliacha viti wakashuka hadi kwenye uzio, na yule mtoto alibebwa mabegani na baba yake, bisi zikimwagika kwenye kofia ya mtu wa mbele, ambaye hakugeuka hata kutazama.

Maonyesho yote mawili hayakuwa na jaji. Moja lilichukua dakika 31 na jingine dakika nne. Ni lipi lililokumbukwa njiani kurudi nyumbani?

Lakini ngojeni, msinielewe vibaya, maana hapa ndipo watu wengi wanaponukuu nusu ya maneno yangu na kuniletea ugomvi. Sisemi kwamba kirefu ni kibaya. Wale wazee wangepiga dakika 15 tungewabeba. Na lipo jambo moja kubwa katika historia ya vikosi hivi ambalo linakataa kabisa kwamba ufupi ni dawa ya kila kitu.

Mwaka 1985 kiliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza kikosi cha mjini Bloomington, Indiana, kiitwacho Star of Indiana. Kilipanda haraka mno, na mwaka 1991 kikatwaa ubingwa. Mwaka 1993 kilikuja na onyesho lililojengwa juu ya muziki wa Samuel Barber na Béla Bartók, muziki mgumu, wenye makali na ukimya, na kikalipiga kwa usafi ambao mpaka leo walimu wa vikosi wanautolea mfano. Ukomo wa muda ulikuwa uleule wa kila kikosi. Dakika zilezile! Na bado, wapo watazamaji waliozomea. Walizomea vijana ambao huenda walikuwa wapigaji bora kuliko wote waliokanyaga nyasi zile mwaka ule. Fainali, wakapata alama 97.3, na The Cadets of Bergen County wakapata 97.4. Wakakosa ubingwa kwa sehemu moja ya kumi ya alama.

Jiulizeni: dakika kama 11 zinawezaje kuwa ndefu kwa watu waliokwisha kuketi masaa mawili wakisikiliza vikosi vingine bila kuchoka? Jibu langu, na mnaweza kunipinga, ni kwamba mtazamaji hakupewa mahali pa kupumua. Onyesho lilikuwa kama mtu anayekutazama machoni bila kupepesa, na hata akiwa mzuri namna gani, baada ya muda utaangalia pembeni. Mimi binafsi nalipenda onyesho lile. Nimelitazama katika kanda zaidi ya mara kumi. Lakini naelewa kwa nini mtu aliyekuja na watoto wake, amelipa kiingilio na kuegesha gari maili moja kutoka uwanjani, aliondoka akihisi kwamba alitazamwa yeye badala ya yeye kutazama.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Baada ya mwaka ule Star of Indiana waliacha mashindano. Wakaingia kwenye kumbi, wakafanya kazi na kundi la Canadian Brass, na hatimaye kazi hiyo ikazaa onyesho la jukwaani liitwalo Blast!, lililofunguliwa London mwishoni mwa mwaka 1999, likafika Broadway, New York, na mwaka 2001 likapata tuzo ya Tony kama onyesho maalumu la jukwaani. Muda wake? Takriban masaa mawili, pamoja na mapumziko. Mchezo uleule wa shaba, ngoma na bendera, na mizizi yake ni kikosi kilekile kilichozomewa kwa dakika kumi na kitu, sasa watu wanalipa kuutazama masaa mawili, wanasimama kushangilia, na wengine wanarudi kesho yake na majirani.

Walifanyaje? Walibadilisha. Wimbo wa watu sitini ukimalizika, taa zinazimwa na anabaki mtu mmoja na ngoma moja. Huyo akimaliza, wanaingia wacheshi. Hata wakati wa mapumziko, mtu akienda kunyoosha miguu ukumbini nje, anawakuta wapigaji wamemfuata hukohuko wakigonga midundo, na soda yake anainywa akiwa bado ndani ya onyesho. Masaa mawili yale yalikuwa maonyesho madogo zaidi ya kumi yaliyoshonwa pamoja, na hakuna hata moja lililokaa mpaka likachacha. Wale wazee wangu wa mji mdogo walikuwa na onyesho moja zuri la dakika kumi, wakalirudia mara tatu.

Na kuhusu uchekeshaji, naomba niseme neno, kwa kuwa najua miongoni mwenu wapo wanaoamini kwamba bendi ya nidhamu haicheki. Wazee wa mchezo huu Marekani hadi leo hukitaja kikosi cha Bridgemen cha Bayonne, New Jersey, ambacho katika miaka ya 1970 kiliacha sare za kijeshi kikavaa makoti marefu ya njano na kofia pana, kikawa kinawatania watazamaji na kujitania chenyewe. Hukitaja pia kikosi cha Velvet Knights cha California, ambacho miaka ya 1980 kiliugeuza uwanja kuwa sinema ya vichekesho. Hakuna hata kimoja kati ya hivi viwili kilichowahi kuwa bingwa wa Drum Corps International. Lakini mtaje bingwa wa mwaka fulani wa zama zile na wengi watakuna vichwa, mtaje Bridgemen na uso wa mzee utafunguka. Tena msidhani ilikuwa mizaha mitupu: ngoma zao ziliogopwa na kila mtu.

Naona mwenzangu ananionyesha saa. Vizuri sana, ndiyo mada yenyewe. (Watu walicheka, nami nikanywa maji.)

Nimezunguka Marekani kote huko, ndugu zangu, kumbe shule ya jambo hili ipo hapa hapa, mwendo mfupi kutoka tulipoketi. Nani kati yenu hajafika Bujora wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma? Mnawajua Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, kuliko ninavyowajua mimi. Ngoma zao mbili huchezwa kwa wakati mmoja, hawa upande huu na wale upande ule wa uwanja, na mshindi ni yule aliyejaza watu. Hakuna dakika iliyoandikwa kwenye karatasi. Anayechosha anaachwa. Anaachwa na miguu, mbele ya macho yake, watu wanakimbilia upande wa pili vumbi likitimka. Nikiwa kijana niliwahi kusimama karibu na mwenye ngoma mmoja ambaye hakuwa anawatazama wachezaji wake hata kidogo. Alikuwa anatazama mgongo wa umati, ile safu ya nyuma kabisa, wale watu ambao mguu mmoja uko hapa na mwingine uko tayari kuondoka. Safu ile ilipoanza kulegea, alitikisa kichwa mara moja tu, na kijana aliyekuwa amekaa kimya juu ya gunia muda wote ule akafungua gunia na kumtoa chatu. Watu waliokwisha kuondoka walirudi mbio.

Nataka mfikirie jambo hili kwa makini. Mwenye ngoma yule hakuwa na saa, lakini alikuwa na hofu, na hofu ile ilimfanyia kazi ya saa. Sisi tunapoingia uwanja wenye uzio, wenye viti na kiingilio, tunajifungia watazamaji ndani na kuiua hofu hiyo. Hawawezi kukimbilia upande wa pili kwa kuwa upande wa pili haupo. Tunawaona wameketi tunadhani wamefurahi. Wameketi kwa sababu wamelipa!

Ndiyo maana naamini kwamba onyesho lisilo na jaji linahitaji saa kali kuliko lenye jaji. Mashindano yana mvuto wake yenyewe: mtazamaji anakisia nani atashinda, ana kikosi chake anachokiombea, atavumilia hata dakika mbili za kuchosha ili aone mwisho wake. Katika maonyesho ya hiari hana la kukisia. Ana muziki wenu tu na macho yake. Wamarekani wenyewe wamelijua hilo, kwani Drum Corps International ina mpango wa bendi ndogondogo uitwao SoundSport, usio na ukomo wa umri wala masharti ya aina ya chombo, ambamo kumfurahisha mtazamaji ndilo jambo kuu, na bendi hupewa dakika 5 hadi 7. Tano hadi saba! Walipoamua kumpa uzito mtazamaji, walipunguza muda.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa maonyesho yenu, mwenyekiti, ni dakika tisa kwa kila bendi, kuanzia mguu wa kwanza unapovuka mstari hadi wa mwisho unapotoka. Hotuba za viongozi wa bendi ziwe ndani ya dakika hizo tisa, na hapo mtaona jinsi zitakavyokuwa fupi. Bendi zote mkimaliza, bendi zote zisimame pamoja mbele ya jukwaa kuu na kupiga wimbo mmoja ambao kila mama aliyeketi pale anaujua maneno yake, taratibu, bila gwaride. Halafu, na hili nawaomba walimu kwa heshima zote, mwalimu wa bendi asisimame mbele ya vijana wake siku ile. Vijana wanajua walichojifunza. Mwalimu akakae jukwaani, mstari wa tatu, karibu na mtoto mwenye bisi.

Bendi iliyoomba nusu saa naona mko hapa mbele, na tarumbeta mmeshazitoa kwenye mikoba. Uwanja wa nje uko wazi na jua limepungua. Tokeni mkatupigie hizo dakika 30 zote kama mlivyozipanga, sisi tutakaa kwenye nyasi tukiwa huru kuinuka. Saa nampa huyu binti wa mstari wa mbele ambaye amepiga miayo mara mbili tangu nianze kuzungumza.